Ukimpa mwingine kazi ya kukagua meli: maneno kwa wakaguzi wapya wa Ziwa Viktoria

Ukifungua faili la meli yoyote kubwa inayofunga gati Port Bell, bandari ya Uganda, utakuta karatasi za watu wa nje ni nyingi kuliko za serikali. Unene wa mabati umepimwa na kampuni moja, maboya ya kujiokolea yamehudumiwa na nyingine, hesabu za uthabiti, yaani uwezo wa meli kukaa wima bila kupinduka, zimepigwa na mhandisi wa kujitegemea, na cheti cha mwili na mitambo kimetolewa na klasi, yaani zile taasisi za kuainisha meli zenye makao London, Paris, Oslo au Mumbai. Mkaguzi wa serikali ana sahihi moja tu, mwishoni. Wapya wengi wakiliona hilo hudhani kazi yao imeshafanywa.

Nimekaa pande zote mbili, upande wa kampuni inayokagua kwa niaba ya wengine na upande wa wanaopokea ripoti. Nililojifunza ni kwamba aliyekabidhi kazi ya kukagua hajakabidhi dhamana, na dhamana hiyo haina maana kama yeye mwenyewe hawezi tena kukagua. Mengine ninayoandika hapa yanazunguka hilo.

Historia kidogo kwanza, kwa sababu inaeleza tabia za watu mtakaofanya nao kazi. Klasi hazikuanzishwa na serikali, wala hazikuanzishwa kwa ajili ya abiria. Zilianzishwa na watu wa bima. Mwaka 1760, wateja wa mgahawa wa kahawa uliobeba jina la Edward Lloyd jijini London waliunda chama cha kuandikisha hali za meli, ili mtoa bima ajue anaweka fedha zake kwenye chombo gani. Bureau Veritas ikafuata Antwerp mwaka 1828, RINA kule Genoa 1861, DNV kule Norwei 1864. Serikali zilikuja kuzikuta tayari zina wahandisi, zina kanuni zilizoandikwa, zina ofisi bandari nyingi duniani, zikaona heri kuzitumia kuliko kuanza moja. Ndiyo maana mpaka leo klasi ina mabwana wawili: mwenye meli, anayeilipa imwainishie chombo chake, na serikali, inayoipa idhini ya kutoa vyeti kwa jina lake. Mara nyingi ni mtu yule yule, siku ile ile, ndani ya ovaroli ile ile, anayezifanya kazi zote mbili. Si kosa lake, lakini lijue unapomsoma.

Mkataba wa SOLAS wa 1974, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaruhusu jambo hili waziwazi. Sura ya kwanza, kanuni ya 6, inasema ukaguzi hufanywa na maofisa wa serikali, ila serikali inaweza kuukabidhi kwa wakaguzi iliowateua au kwa taasisi inazozitambua. Kisha linakuja sharti ambalo wengi huliruka: kwa vyovyote vile, serikali ndiyo inayodhamini kikamilifu kwamba ukaguzi ulikamilika na ulifanywa ipasavyo. Tangu 1 Januari 2015 zinatumika pia kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari kuhusu taasisi hizo zinazotambuliwa. Zinadai makubaliano ya maandishi, na zinaitaka serikali iisimamie taasisi iliyoipa idhini.

Atakuja mtu akwambie SOLAS haihusu ziwa. Kwa herufi, ana haki. Ule ni mkataba wa safari za kimataifa za baharini, na sisi huku tunaongozwa na Sheria ya Usafiri wa Ziwa Viktoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2007, pamoja na sheria ya Uganda ya usafiri wa majini ya 2021 iliyo chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Mwache ashinde ubishi huo. Siku ya tume ya uchunguzi, mwanasheria atakuuliza bila hata kuitaja SOLAS: nani alitia sahihi, na alijuaje?

Na watu wa nje tunawahitaji, tusidanganyane. Meli za chuma za kutajika upande wa Uganda zinahesabika: zile za mabehewa, MV Kaawa na MV Pamba, zilizojengwa Ubelgiji miaka ya 1980, vivuko vinavyokwenda visiwa vya Ssese kutoka Nakiwogo na Bukakata, meli za mafuta zinazotoka Kisumu, na nyingine kadhaa. Kwa vyombo vichache namna hiyo huwezi kuajiri wa kudumu mtaalamu wa uthabiti, wa uchomeleaji, wa umeme na wa mifumo ya kuzimia moto. Na hata ukimwajiri, akikaa mwaka mzima bila meli ya kukagua anapoteza ujuzi. Kwa hiyo kukodisha wataalamu ni akili. Mjadala uko kwenye masharti ya kuwakodisha.

Sharti la kwanza ni fedha. Mbele ya ripoti yoyote uliza nani amemlipa aliyeiandika, na muhimu zaidi, nani alimchagua. Wapya wote ninaokabidhiwa nawasomesha kisa cha Sewol, kivuko cha Korea Kusini kilichozama tarehe 16 Aprili 2014 na kuua watu 304, wengi wao wanafunzi wa sekondari waliokuwa safarini. Kivuko hicho kilinunuliwa Japani kikiwa kimeshatumika, kikaongezewa vyumba sehemu ya juu, uzito ukapanda. Korean Register, klasi ya kwao, iliyakubali mabadiliko kwa sharti kwamba mzigo usizidi tani 987, na maji ya uzani, yale yanayojazwa kwenye matangi ya chini ili meli isiyumbe, yaongezwe. Siku ya ajali kilikuwa na zaidi ya tani 2,100.

Sasa nani alipaswa kuliona hilo gatini? Kazi ya kuangalia mzigo kabla ya kung'oa nanga ilikuwa ya wasimamizi wa chama cha wenye meli. Ndiyo, chama cha wenye meli wenyewe, kinachoishi kwa fedha zao, ndicho kilichokuwa kikiwakagua. Tena kile kiwango cha tani 987 kilibaki kwenye makabati ya klasi, hakikuwafikia waliokuwa wakikagua bandarini. Klasi ilifanya hesabu yake sawasawa, na bado meli ikaondoka imebeba zaidi ya mara mbili ya ilichoruhusiwa. Baada ya msiba kazi ile iliondolewa kwenye chama ikapelekwa kwa taasisi ya umma.

Msimamo wangu ni huu, na najua wenye meli wengi hawaupendi: mwenye meli alipe, lakini asimchague mkaguzi. Ofisi iwe na orodha ya kampuni zilizothibitishwa, ipange zamu, fedha zipite kwenye akaunti ya ofisi, na ripoti ije ofisini kwanza kabla ya kwenda kwa mwenye meli. Mkaguzi anayejua kwamba akiandika "injini ya kulia isitumike" atapoteza mteja wa miaka yote, hata awe mcha Mungu namna gani, kalamu yake itakuwa nzito. Kataa pia kampuni iliyochora mabadiliko ya meli kisha ikaja kuyakagua yenyewe. Hilo hutokea zaidi kuliko mnavyodhani, kwa sababu wahandisi wa meli ukanda huu ni wachache na wote wanajuana.

Sharti la pili, kwamba anayekabidhi asipoteze ujuzi wa kukagua, halisemwi sana, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Walinzi wa Pwani wa Marekani wana bajeti na vyuo ambavyo nchi zote za ziwa hili zikichanga hazivifikii. Miaka ya 1990 walianzisha mpango wa kuziachia klasi sehemu kubwa ya ukaguzi wa meli zao za biashara. El Faro, meli ya makontena iliyojengwa 1975, ilikuwa ndani ya mpango huo, klasi yake ikiwa ABS ya huko huko Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2015 ilizama karibu na visiwa vya Bahama ndani ya kimbunga Joaquin, na watu wote 33 waliokuwemo wakafa. Uamuzi wa nahodha kuendelea na njia ile una sehemu kubwa ya lawama, hilo halibishaniwi. Ila uchunguzi ulipougeukia mfumo wa ukaguzi, Walinzi wa Pwani walijikuta wao wenyewe kwenye kiti cha moto. Usimamizi wao juu ya klasi ulikuwa legelege, na wakaguzi wao hawakuwa wamefundishwa vya kutosha namna ya kuusimamia mpango. Meli dada ya El Faro, El Yunque, ilipotazamwa kwa makini mwaka 2016, njia zake za hewa zilikutwa zimeliwa na kutu ambayo haikuanza jana wala juzi. Iliishia kukatwa chuma chakavu.

Uchunguzi huo haukuhitaji mhongaji wala mhongwaji ili kueleza udhaifu ule. Aliyekabidhi kazi aliacha kuifanya, miaka ikapita, wanaoijua wakastaafu, na waliobaki wakawa hawawezi kutofautisha ripoti nzuri na ripoti mbovu. Kama limewapata hao, ofisi yenye wakaguzi wachache ijiulize itapona vipi.

Dawa ninayoijua ni moja, nayo inachafua nguo. Meli ikipandishwa kwenye chelezo, usisubiri ripoti. Omba kuingia pamoja na mkaguzi wa klasi, tangi kwa tangi. Wengi wao watakukaribisha, na wazuri wanapenda kufundisha. Akigonga, nawe gonga. Akiuliza kwa nini vali hii imechorwa chaki, sikiliza jibu la fundi. Na kila mwaka ofisi ichague meli ambayo tayari ina vyeti vyote, iikague upya yenyewe kuanzia omo hadi tezi, bila kumwonyesha mkaguzi wako ripoti ya klasi. Baada ya hapo zilinganishwe. Tofauti zitakazotokea zitakufundisha mambo mawili kwa mpigo: ubora wa klasi ile, na ubora wa mtu wako.

Nikae kidogo kwenye ripoti ya unene wa mabati, kwa sababu ndiyo utakayoletewa mara nyingi na ndiyo rahisi kudanganya, kwa makusudi au kwa uvivu.

Kipimo hutuma sauti ndani ya chuma na kusoma muda inaochukua kurudi. Ndani ya chuma sauti hukimbia karibu mita 5,900 kwa sekunde. Ndani ya rangi haifiki nusu ya hapo. Anayepima kwa mwangwi mmoja juu ya rangi bila kuikwangua, kila milimita ya rangi humsomea kama milimita mbili na ushei za chuma. Hivyo bati lililoanza na milimita 8, likaliwa hadi 5.5, kisha likapakwa matabaka ya rangi yenye jumla ya milimita moja, linaweza kusomeka 7.8 au 7.9, na mwenye meli akatoka anatabasamu. Kuna mashine zinazosoma mwangwi zaidi ya mmoja, hizo huiruka rangi. Ripoti isiyosema ilitumika njia gani, irudishe ilikotoka.

Kisha zisome namba zenyewe. Chuma kilichokaa majini miaka 30 hakiliki sawasawa. Bati lililo chini ya bomba la kupimia kina cha tangi huliwa kwa sababu fimbo huligonga kila siku. Pale maji na hewa vinapokutana huliwa kuliko sehemu iliyozama muda wote. Angalia chini ya choo cha mabaharia, chini ya jiko, ndani ya kisanduku cha kuvutia maji ya kupozea injini, na pembe za ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ya meli, ambako maji machafu hayakauki. Ukiletewa ukurasa unaosomeka 7.8, 7.8, 7.7, 7.8 kutoka omo hadi tezi, jua aliyeuandika alikuwa amekaa kivulini.

Tuliwahi kuletewa wa namna hiyo, wa chombo kimoja cha mizigo. Nikamwambia aliyepima, kwa adabu kabisa, "Kaka, tufungue tangi moja tu, na wewe ndiye uchague." Akachagua la mbele kulia. Boliti za kifuniko zilikuwa zimeganda kwa rangi, hazijaguswa siku nyingi, na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha kabla hatujaingia. Tuliingia hata hivyo. Nyundo ilitoa mlio mzuri mara mbili, ya tatu ikatoa sauti ya debe, na vigae vya kutu vikaanguka hadi kwenye buti. Meli ilikaa gatini mpaka bati likabadilishwa. Yule kaka bado tunasalimiana, ila orodha yetu haina jina la kampuni yake.

Jambo jingine la huku kwetu: ziwa ni maji baridi. Mkaguzi aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam akija kwa siku mbili anaweza kunakili majedwali ya baharini bila kuyarekebisha. Maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo chombo kile kile hukaa chini zaidi ziwani. Kwa meli yenye uzito wa tani 1,000, hizo ni mita za ujazo 24 hivi za mwili unaozama zaidi ya jedwali linavyosema. Unaweza kuona ni kidogo, hadi uende ukapime umbali kati ya maji na sitaha ya magari ya kivuko kilichojaa malori ya mbao kutoka Kalangala. Huyo mgeni wa siku mbili pia hataulizia gugumaji. Sisi tunajua likijazana mbele ya tundu la kuvutia maji, injini inachemka na meli inapoteza nguvu ikiwa karibu na miamba. Kichujio cha maji hayo, na nafasi ya kukisafisha haraka, viandikwe kwenye orodha yenu ya ukaguzi hata kama fomu ya klasi haivitaji.

Mnapopanda melini, zungumzeni na wa chini. Mabaharia wa ziwa hili wametoka Mwanza, Kisumu, Musoma, Jinja, na chumba cha injini kinaongea Kiswahili, hata kama ofisini tunaandikiana Kiingereza. Mhandisi mkuu atakujibu kama mwakilishi wa kampuni. Mpaka mafuta, yule anayeshinda na kopo na tambara, atakwambia pampu ya ngama huwashwa mara ngapi kwa usiku. Ukipata jibu hilo utajua maji yanaingia kiasi gani, na hakuna ripoti itakayokupa. Mwamkie vizuri kama ni mkubwa kwako. Wengi wao ni wazee wa kazi, hawapendi kuhojiwa na kijana mwenye kofia mpya kana kwamba wako kituo cha polisi.

Kuna kazi ambazo hazikabidhiki hata kidogo. MV Nyerere, kivuko cha Tanzania kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kiliruhusiwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Hakuna klasi duniani itakayosimama gatini kila siku ya gulio kuhesabu vichwa. Klasi inakwambia chombo kinastahimili nini siku kilipokaguliwa. Kinachopakiwa asubuhi hii ni shauri la nahodha, la msimamizi wa gati na la afande wa polisi wa majini, na ofisi yenu iko nyuma yao. Ukisikia kiongozi anasema "chombo kilikuwa na cheti halali" baada ya ajali ya kupakia kupita kiasi, ujue amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Na kuna vyombo ambavyo mtu wa tatu hatavifikia kamwe. MV Templar iliyozama upande wa Mukono tarehe 24 Novemba 2018, ikiwa na watu waliokwenda kustarehe, na kuua zaidi ya 30, haikuwa na leseni. Hapakuwa na klasi wala ripoti ya kubishania. Mazungumzo yote haya ya kukabidhi ukaguzi yanahusu meli zinazojulikana ziko wapi, ilhali wengi wanaosafiri kwenye ziwa hili hupanda mbao: kutoka Kasenyi kwenda visiwani, kutoka Kiyindi kwenda Buvuma. Mkaguzi wa London hataenda Kiyindi kutazama msumari.

Wapo wanaopendekeza mafundi wa mialoni wapewe idhini ya kukagua boti hizo. Mimi nakubali nusu. Fundi anayajua maungio ya mbao kuliko mhandisi yeyote wa Kampala, anajua wapi pamba na lami vimechoka. Lakini asikague boti aliyoijenga, wala boti za mwalo anaokaa, maana huko kuna shemeji, kuna mdaiwa, kuna mwenyekiti. Apelekwe mwalo mwingine, alipwe na ofisi, na mkaguzi wa serikali apitie sehemu ya kazi yake bila taarifa. Jaketi za kujiokolea afundishwe kuzipima kwa maji, siyo kwa macho: aichukue moja kutoka chini kabisa ya rundo, aizamishe kwa mkono muda wa kutosha, kisha aibonyeze. Ikitiririsha maji, hiyo imeshonwa kwa povu la godoro. Aikate palepale, isije ikarudi kwenye rundo.

Mambo ya mahakama nitayapita haraka, kwa sababu vijana huyapa matumaini makubwa mno. Meli ya mafuta Erika ilivunjika vipande viwili pwani ya Ufaransa Desemba 1999. Mwaka uliotangulia ilikuwa imehama klasi moja kwenda nyingine, na wiki chache kabla ya kuvunjika mkaguzi alikuwa ameiona kutu akaacha vipimo vya unene vije baadaye. Mahakama za Ufaransa ziliitia hatiani klasi yake, RINA, na hukumu ikathibitishwa Septemba 2012. Mwaka huo huo Hispania ilishindwa kule New York katika madai yake dhidi ya ABS kuhusu meli ya mafuta Prestige iliyozama 2002. Na waathirika wa Al Salam Boccaccio 98, kivuko kilichozama Bahari ya Shamu Februari 2006 na zaidi ya watu 1,000, walisubiri hadi Mei 2020 ndipo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaeleza kwamba klasi haiwezi kujificha nyuma ya kinga ya serikali kwa sababu tu ilitoa vyeti kwa niaba yake. Miaka 14, kwa ajili ya kujua tu kama kesi inaweza kusikilizwa. Ukitegemea mahakama ndiyo iisimamie klasi, utazika watu kwanza.

Kutoka kwenye Erika chukueni mambo mawili ya kuwafaa kila wiki. Meli iliyobadilisha klasi karibuni iangalieni mara mbili, na ombeni orodha ya masharti iliyoachiwa na klasi ya zamani, yaani marekebisho iliyotakiwa kufanya, moja kwa moja kutoka kwa klasi hiyo, isipitie kwa wakala. Na mkataba wenu na taasisi yoyote useme wazi kwamba ikisimamisha au kufuta uainishaji wa meli, ofisi iarifiwe siku hiyo hiyo. Bila kifungu hicho meli inaweza kuendelea kubeba watu kwa cheti kilichobaki ukutani.

Mwisho niseme na wale wanaoanzia upande wa pili, kwenye kampuni za ukaguzi. Mtabanwa na muda. Chelezo hulipiwa kwa siku, meneja wa meli atakuwa anatazama saa, na atakuja na soda baridi na chapati za mayai akuulize kama bado. Kunywa soda. Ila sehemu ambayo hukuiona, iandike kwamba hukuiona, na sababu yake. Wapya huona aibu, wanadhani ni kukiri udhaifu, hivyo hujaza "hali nzuri" mahali ambapo hata taa haikumulika. Mimi nikipokea ripoti huanza na sehemu hiyo. Iliyoandikwa "tangi la maji ya uzani namba 3 kushoto halikufunguliwa, hewa haikupimwa kwa kuwa kipimo kilikuwa kimeharibika" naitia muhuri wa kupokelewa, naiweka meli kwenye ratiba ya wiki inayofuata, na naenda mwenyewe na kipimo cha hewa, kwa sababu sasa najua pa kuanzia. Ile isiyokuwa na hata sehemu moja ambayo haikuonekana, kwenye meli yenye matangi 14, nampigia simu aliyeiandika kabla sijafika ukurasa wa pili.